Chicago: Neno Lililonitoa Jasho Ukweni

Siku naondoka Dar es Salaam kwenda Chicago kutambulishwa ukweni, kaka yangu alinisindikiza hadi uwanja wa ndege huku akinitania. "Haya bibie, unakwenda Unyamwezini. Usituangushe." Mwenzenu nikajiona niko kamili. Koti zito ninalo, vitenge vya zawadi ninavyo, na Kiingereza siyo cha kubabaisha. Siku ya nne tu nikauangusha ukoo mzima kwa neno moja, tena mezani.

Mchumba wangu ni Mmarekani, ila ukimuuliza bibi yake mzaa mama atakwambia yule ni Mpolandi. Ukoo wao uko Chicago tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Bibi anaishi upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Milwaukee Avenue, barabara ndefu inayoukata mji mshazari. Kuna sehemu ya hapo ambayo wenyewe wanaiita Jackowo, kutokana na kanisa lao la Mtakatifu Hyacinth, ambaye kwa Kipolandi jina lake ni Jacek. Familia nyingi zimeshahamia mbali, lakini bado utakuta bango la duka lililoandikwa Kipolandi na mwokaji mikate anayekusalimia kwa lugha hiyo kabla hajakutazama usoni. Mimi aliponitazama alicheka, akabadili.

Jumapili baada ya misa tukaenda kwa Bibi. Meza imejaa: soseji za kukaushwa kwa moshi, kabichi iliyochachushwa, na pierogi, ambazo ukitaka kuzielewa fikiria sambusa iliyochemshwa badala ya kukaangwa, ndani viazi na jibini. Walikuwepo wajomba wawili wa mchumba wangu, shangazi, na watoto wasiotulia. Wajomba walikuwa wanataniana kweli kweli. Mmoja akimwaga bia, mwenzake anasema, "Mwoneni huyu Polack." Mwingine akisahau alipoweka miwani, "Polack mkubwa wewe." Nilihesabu mara saba hivi. Wote wanacheka, hata Bibi anatabasamu.

Mimi nikawaza, kumbe hapa ni utani tu, kama nyumbani. Si Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana hadi msibani na hakuna anayenuna? Basi nilipoongezewa pierogi mara ya tatu, nikataka na mimi nionekane mtu wa nyumbani. Nikasema kwa sauti, "Jamani, nyie Polacks mnajua kula!"

Uma zikasimama. Mjomba mmoja akacheka kidogo halafu akaacha katikati. Bibi akainuka, akachukua bakuli ambalo wala halikuwa tupu, akaenda nalo jikoni.

"Mbona nyie mnasema?"

Ugomvi wetu ulianza kabla hatujafunga mikanda ya gari. Yeye anasema lile neno ni lao. Mimi nasema neno gani lina hatimiliki, mbona mmelisema mara saba? Yeye anasema siyo sawa. Mimi nasema nimelisema kwa upendo. Ndipo akanyamaza, akawasha gari, na alipofika kwenye taa nyekundu akaniuliza taratibu, "Na mzungu je?"

Nikajifanya sijaelewa.

"Kila siku unaongea na mama yako kwenye simu. Kila siku nasikia mzungu. Jina langu silisikii."

Msomaji, ukweli nilikuwa sina jibu. Tulifika tulikofikia bila kusemeshana, kila mtu na upande wake wa kitanda.

Kesho yake nikaenda kwa Bibi peke yangu, kwa basi, upepo wa Ziwa Michigan ukinikata masikio. Nikamwomba radhi. Hakusema nimekusamehe. Alinipa aproni na kipande cha unga wa kukanda, na tukiwa tunakanda ndipo akaanza kusema.

Kwa Kipolandi, Polak ni mtu wa Poland, basi. Ni kama wewe na mimi kusema Mtanzania. Hata Shakespeare kwenye Hamlet anawaita Wapolandi kwa jina hilo, na wakati ule halikuwa tusi. Neno liliharibikia Marekani, mwisho wa karne ya 19, meli zilipokuwa zinashusha watu maskini wasiojua Kiingereza, wakaenda kufanya kazi ambazo wengine hawazitaki: machinjioni, kwenye viwanda vya chuma, migodini. Jina la taifa likageuka kuwa jina la mjinga mwenye nguvu. Miaka ya 1960 na 1970 vichekesho vya "Polack" vilikuwa vinachekesha nchi nzima, hadi kwenye televisheni, na vyote vina maana moja, kwamba Mpolandi hana akili.

Bibi aliishi ndani ya vichekesho hivyo. Akiwa binti alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja ambacho hakunitajia jina, na msimamizi alikuwa hamwiti kwa jina lake. Alikuwa anamwita "Polack mjinga", miaka minne, hata siku anamkabidhi mshahara. Marehemu mumewe naye alikata jina la ukoo ili apate kazi ya ofisini, akatoa silabi mbili za mwisho likasikika kama la Mwingereza. "Alizirudisha," Bibi akaniambia. Nikauliza lini. Akasema ziko kwenye jiwe la kaburi.

Halafu akaniambia unga wangu ni mgumu, niongeze maji.

Nilimuuliza kwa nini basi anatabasamu wanawe wanapoitana hivyo. Akasema wale wanae wanacheka kwa sababu yule msimamizi amekufa na wao wana nyumba zao. Na pia kwa sababu ya mwaka 1978. Mwaka huo Mpolandi alichaguliwa kuwa Papa, Yohane Paulo wa Pili, na Oktoba 1979 akaja Chicago akaadhimisha misa Grant Park, katikati ya mji, watu hawahesabiki. Bibi alikuwepo na watoto wote. Anasema kesho yake kazini hakuna aliyemtania. Mwaka uliofuata wafanyakazi wa meli kule Gdańsk wakaanzisha chama cha Solidarity, magazeti ya Marekani yakajaa sifa, na vile vichekesho vikaanza kupoteza ladha.

Barabara iliyopelekwa mahakamani

Nadhani Bibi ndiye aliyempigia mjukuu wake simu, maana jioni alikuja kunichukua na kusema, "Kesho nakuzungusha mji." Ilikuwa ni namna yake ya kusema yaishe.

Tulianza na Pulaski Road. Ukipita hutaona la ajabu, ni barabara ndefu ya maduka ya matairi na vibanda vya chakula. Kazimierz Pulaski alikuwa Mpolandi aliyekufa mwaka 1779 akipigania uhuru wa Marekani. Mwaka 1933 uongozi wa mji ukaipa barabara hii jina lake badala ya Crawford Avenue. Wenye maduka wakaja juu, wakaenda mahakamani, na mvutano ukaendelea hadi 1952. Miaka 19 watu wanagombana kama jina la Mpolandi linafaa kuwa kwenye anuani yao! Na ukiendelea nayo kaskazini hadi nje ya mipaka ya mji, barabara ileile inarudi kuitwa Crawford. Mchumba wangu alinipeleka hadi pale nikaona kwa macho yangu.

Kusini tukaona lango la mawe la Union Stock Yards. Machinjio yale yalifunguliwa 1865 na kufungwa 1971, na sasa lango limebaki limesimama peke yake. Babu wa bibi yake alifanya kazi humo. Huko kwenye machinjio na viwanda vya chuma neno lilikuwa "hunky", au "bohunk", ambalo inaonekana ni Mbohemia na Mhungaria waliogandishwa pamoja. Mpolandi, Mcheki, Mslovakia, wote waliingizwa humo humo. Nani ana muda wa kutofautisha? Kisha likafanyika jambo ambalo sikulitegemea. Wamarekani weusi, waliokuwa nao wanamiminika viwandani kutoka kusini, walilisikia neno hilo, na inaaminika ndilo lililozaa "honky". Kufikia miaka ya 1960 honky halikuwa tena la vibarua wa Ulaya Mashariki. Lilikuwa ni jina la Mzungu yeyote, pamoja na yule tajiri aliyekuwa akiwaita wenzake hunky!

Mtaa wa Pilsen ndio uliotupatanisha kabisa, maana tulikula vizuri. Tulishukia kituo cha treni cha 18th Street, ambacho ngazi zake na kuta zake zimechorwa picha tupu, rangi za kung'aa. Jina la mtaa ni la mji wa Plzeň huko kwa Wacheki, maana wao ndio walioujenga. Leo harufu inayokupokea ni ya mahindi na pilipili, maana tangu miaka ya 1950 na 1960 Wameksiko walihamia kwa wingi. Nao wana neno lao, Chicano, lililokuwa la dharau kwa kibarua wa Kimeksiko, hadi vijana wa mwisho wa miaka ya 1960 walipolichukua wakalivaa wenyewe kama fulana ya chama. Mzee aliyekuwa meza ya jirani alituambia yeye hajawahi kulipenda. Binti yake ndiye anayejiita hivyo.

Barabara moja ya mtaa huo inaitwa Cermak, na jina hilo lina kisa nilichokipenda. Anton Cermak alizaliwa Bohemia, akaja Marekani mtoto mchanga. Mwaka 1931 aligombea umeya dhidi ya William Thompson, aliyekuwa madarakani, na Thompson akafanya kampeni ya kumcheka: bohunk, mtu mwenye jina gumu, aliyewahi kusukuma mkokoteni. Cermak akajibu kwamba ni kweli ukoo wake haukuja na ile meli ya kwanza ya Mayflower, ila alikuja mara tu alipoweza. Wahunki wote wa mji, Wapolandi, Wacheki, Wayahudi, wakamsikia, na Thompson akaangushwa vibaya. Cermak hakukaa sana kwenye kiti. Februari 1933 alipigwa risasi huko Miami akiwa pamoja na Rais mteule Roosevelt, akafariki mwezi uliofuata, na barabara ikapewa jina lake.

Mto wa kijani, na neno ambalo haliimbwi

Jumamosi ile mto wa Chicago ulitiwa rangi. Nilikuwa nimeona picha nikadhani ni ujanja wa kompyuta. Siyo. Mafundi bomba wa chama chao wanapita na boti wakimwaga unga, na baada ya muda maji yanakuwa ya kijani kibichi kabisa. Wamekuwa wakifanya hivi kwa ajili ya Mtakatifu Patrick tangu 1962. Kila mtu siku hiyo ni Mwairishi. Nilimwona kijana mwenye asili ya India amevaa kofia ya Kiairishi, na mimi mwenyewe nikauziwa shanga za kijani.

Nakumbuka nilicheka, lakini kichwani nilikuwa nafanya hesabu. Waairishi nao waliitwa "Paddy" na "Mick", yakimaanisha mlevi na mgomvi. Gari la polisi la kubebea wahalifu mpaka leo linaitwa "paddy wagon". Wengine wanasema ni kwa sababu waliobebwa wengi walikuwa Waairishi, wengine wanasema ni kwa sababu polisi ndio walikuwa Waairishi. Karibu kilomita 150 mashariki ya Chicago kipo chuo kikuu cha Notre Dame, ambacho timu zake zinaitwa Fighting Irish. Kwanza ilikuwa kejeli ya wapinzani. Mwaka 1927 mkuu wa chuo akaamua lipokewe rasmi, na sasa watu wananunua fulana. Mtaa wa Bridgeport, ulioitwa wa Waairishi wagomvi, umetoa mameya watano wa Chicago. Ukishakuwa na mameya watano, mtu akikuita Mick unamnunulia bia.

Ila nisikudanganye kwamba maneno yote yanaishia kwenye fulana. Mchumba wangu anapenda hip hop, na tangu tujuane niligundua kwamba akiimba kuna neno analiruka. Anafumba mdomo kwa nusu sekunde, kisha anaendelea. Ni lile linaloanza na N. Vijana wa kwetu wanalidaka kwenye muziki wanalitumia kama vile "mshikaji", na mimi nilikuwa sioni shida. Tulipokwenda Bronzeville, mtaa wa kihistoria wa Wamarekani weusi, nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akituhudumia mgahawani, mtu mzima wa makamo ya mama yangu. Akaweka chini birika la kahawa. "Mwanangu, wajukuu zangu wakilisema, mimi naondoka chumbani." Kijana wa kaunta akamwambia, "Shangazi, sisi tumelibadilisha." Akamjibu hakuna kilichobadilika, na mabishano yao yakaendelea tukiwa tumeshalipa. Mwaka 2007 chama cha NAACP kililifanyia neno hilo mazishi huko Detroit, na jeneza likavutwa na farasi. Wote wawili walikuwa wanakumbuka mazishi hayo.

Hata majina ya heshima hayakukaa mahali pamoja. Bronzeville lenyewe lilienezwa na magazeti ya watu weusi miaka ya 1930, maana nje walikuwa wanaitwa "Black Belt" na wao hawakutaka. Negro lilikuwa neno la adabu enzi hizo. Kufika mwisho wa miaka ya 1960 vijana wakalitupa na kuokota Black, ambalo wazazi wao walikuwa wanaliona tusi. Desemba 1988 Jesse Jackson akatangaza, hapa hapa Chicago, kwamba sasa waitwe African American. Yule mama aliniambia yeye ameshakuwa vitu vinne na bado hajahama mtaa.

Na kwetu je?

Usiku ule ndipo tulipoongea vizuri kuhusu mzungu. Nilimweleza kwamba si tusi, kwamba tunafundishwa linatokana na kuzunguka, kwamba zamani mizungu yalikuwa ni mambo ya ajabu na mbinu za werevu. Nikamweleza na kuhusu Wanyamwezi wa Tabora. Jina walipewa na watu wa pwani, si lao kwa asili. Walibeba mizigo ya misafara ya karne ya 19, na leo vijana wa Dar wamelichukua jina la wapagazi na wafanyabiashara hao wakaipa Marekani. Alicheka sana kusikia anatoka Unyamwezini. Kisha nikamwambia kwamba hata Yankee, ambalo Dar ya enzi zangu yanki alikuwa ni kijana wa mjini, Waingereza walianza nalo kwa kuwacheka babu zao.

"Sawa," akasema, "lakini hukuniuliza ninavyojisikia."

Nikamuuliza. Na jibu lake halikuwa nililolitegemea. Mama yangu akisema mzungu haimuumi hata kidogo, maana anasikia sauti. Kule Kariakoo muuza viatu akisema, anajua bei imeshapanda mara mbili na anaona ni mchezo. Kinachomuuma ni mimi. Ni pale ninapokaa na marafiki zangu, yeye yupo kiti cha pembeni, nasema "mzungu hapendi pilipili", "mzungu amechoka", kama vile namzungumzia mbuzi niliyemfunga nje. "Wale wengine hawajui jina langu," akasema. "Wewe unalijua."

Nililia kidogo. Siwezi kukuficha.

Siku ya kuondoka tulipita kwa Bibi kuaga. Alikuwa anatufungia pierogi kwenye foili, nyingi kuliko zinavyoruhusiwa na shirika lolote la ndege, na simu yangu ikalia. Mama. Nikaweka sauti ya wazi kama kawaida, na kama kawaida baada ya salamu akauliza, "Na mzungu wetu yuko wapi?"

Nikafungua mdomo nimrekebishe. Mchumba wangu akaninyang'anya simu.

"Shikamoo Mama. Mzungu yupo hapa. Mzungu anakula."

"Marahaba mwanangu!" Mama akapiga kelele, na huku nyuma nikawasikia shangazi zangu wawili wakicheka hadi wanakohoa. Yeye naye anacheka, uso mwekundu. Bibi akaacha kufunga foili, akanitazama mimi, akauliza ameitwaje mjukuu wake. Wote wawili wakanigeukia nitafsiri.